Pikipiki kuukuu na lugha ya kuitengeneza

Mjadala wa pikipiki humu nchini umekuwa na mkondo mmoja kwa miaka mingi. Huzungumzwa ajali, huzungumzwa leseni na kofia za usalama, hulaumiwa wahudumu wa bodaboda kwa kutojali sheria za barabarani, kisha mjadala hufungwa hadi msiba mwingine utokee. Chombo chenyewe hakizungumziwi. Ni nani anayekijua? Anakijua kwa lugha gani? Na ujuzi huo utakwenda wapi mafundi wa leo watakapozeeka? Huenda maswali haya yakaonekana madogo mbele ya idadi ya wanaofariki, lakini breki isiyoshika na cheni iliyokatika mteremkoni zimo ndani ya idadi hiyo hiyo.

Nayauliza wakati huu kwa sababu mambo mawili yametukuta kwa pamoja. Shuleni, mtaala wa umilisi (CBC) uliwafikisha wanafunzi wa kwanza katika Gredi ya 7 mnamo Januari 2023, na miongoni mwa masomo ya sekondari ya msingi limo somo la kuwaandaa kwa taaluma za kiufundi. Barabarani, mwanzoni mwa Septemba mwaka huo huo, Rais William Ruto alizindua mjini Mombasa mpango wa kitaifa wa usafiri wa umeme, na tangu hapo pikipiki zisizo na kabureta wala plagi zimekuwa jambo la kawaida mijini. Somo hilo linamtaka mtoto aijue mashine. Mpango huo unaleta mashine ambayo huenda hata mwenyewe asiruhusiwe kuifungua. Kati ya mambo hayo mawili imesimama pikipiki kuukuu ya petroli, ile ambayo mwalimu wa mashambani huiendea shuleni na kijana wa bodaboda huitegemea kwa riziki yake. Nadai kwamba hiyo ndiyo kitabu bora cha ufundi tulicho nacho, ila hatujakiandika katika lugha ya wasomaji wake.

Nami ninayo moja, Honda CG125, ambayo huitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe. Nasaba yake yafaa kuelezwa. Honda iliitoa pikipiki hiyo mwaka wa 1976 kwa ajili ya nchi ambako chombo hubebeshwa mizigo mizito, hupitishwa njia za vumbi, na hakipelekwi kwa fundi mpaka kikome kabisa. Wahandisi hawakuwakemea wenye pikipiki kwa desturi hiyo, waliibadilisha injini. Katika pikipiki ya awali ya ukubwa huo, mhimili unaofungua valvu ulikaa juu, kichwani mwa injini, mahali ambapo oili ikiwa chafu au haba huuharibu upesi. Katika CG waliushusha chini, karibu na oili, wakaacha valvu zisukumwe kwa vijiti virefu. Cheni nayo wakaifunika kwa kasha zima ili vumbi lisiifikie. Ulikuwa muundo wa kizamani kwa makusudi. Viwanda vya Uchina viliuiga kwa wingi, na serikali ya Kenya ilipowaondolea wanunuzi kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwishoni mwa muongo wa 2000, injini za ukoo huo zilifurika nchini. Baadaye pikipiki za kutoka India zilitwaa sehemu kubwa ya soko, na injini zake ni za ukoo mwingine, lakini aliyeizoea CG hapotei akizifungua. Lugha ni ile ile, lahaja ndiyo tofauti.

Je, mtu asiye fundi aweza kufanya nini? Mengi kuliko anavyodhani, na kwa zana chache: seti ndogo ya spana, bisibisi mbili, spana ya plagi, na vile vibati vyembamba vya kupimia upana wa mwanya. Kazi ya kwanza ni kusoma, na nalitumia neno hilo kwa maana yake halisi. Ifungue plagi baada ya safari ya kawaida uitazame ncha yake. Rangi ya hudhurungi yaonyesha kwamba mwako ni mzuri. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi, basi petroli inazidi hewa, na aghalabu kosa ni la kichujio cha hewa kilichoziba kwa vumbi. Ikiwa nyeusi na yenye unyevu wa mafuta, huenda ringi za pistoni zimechakaa na oili inapenya kuingia mahali isipotakiwa. Ikiwa nyeupe, mchanganyiko una hewa nyingi mno na injini inachemka kupita kiasi. Kwa dakika tano mtu ameshajua kama tatizo lake ni la shilingi chache au la maelfu, na hatakubali kuambiwa anunue kabureta mpya ilhali kinachohitajika ni kuosha sifongo ya kichujio kwa maji ya sabuni, kuikamua bila kuisokota, kuikausha na kuipaka oili kidogo. Wapo wanaokitoa kichujio kabisa ili, kama wasemavyo, injini ipumue. Hupumua kweli, na kila pumzi huvuta mchanga unaosaga pistoni.

Kazi ninayopenda kuieleza zaidi ni ya tapeti, kwa sababu ndiyo isiyoeleweka kuliko zote. Kati ya mkono unaoisukuma valvu na kikonyo cha valvu yenyewe lazima uwepo mwanya mdogo. Katika CG125 mwanya huo ni milimita 0.08, injini ikiwa baridi, takriban unene wa karatasi ya kuandikia. Umuhimu wake ni kwamba chuma kikipata joto hurefuka. Mwanya ukiwa mdogo mno, valvu haifungi sawasawa, moto wa mwako hupenya pembeni mwake na kuiunguza, na pikipiki hupoteza nguvu na kuwa ngumu kuwaka asubuhi. Mwanya ukiwa mkubwa, injini hugonga tik tik tik. Sasa tazama mkanganyiko: mwenye pikipiki husikia kelele akaingiwa na hofu, akamwomba fundi aikaze mpaka inyamaze. Tapeti zinazolia hazina hatari kubwa. Zilizonyamazishwa ndizo zinazoiua injini polepole, pasipo mtu kusikia lolote. Kurekebisha ni kuizungusha injini taratibu mpaka pistoni ifike juu kabisa katika pigo la kubana hewa, kuhakikisha kwamba mikono yote miwili ya valvu iko huru, kulegeza nati ya kufungia, kukipitisha kibati kwa mguso mwepesi, kisha kukaza nati na kupima tena. Kupima tena ni lazima, maana nati inapokazwa huuvuta mwanya. Ni kazi ya nusu saa.

Cheni na breki nazipitia upesi, ingawa ndizo zinazohusu roho za watu. Cheni ya pikipiki hii icheze kama sentimita mbili, nayo ipimwe mahali kadhaa huku gurudumu likizungushwa, kwa sababu haichakai sawasawa. Alama za pande mbili za mkono wa nyuma zilingane, la sivyo gurudumu litakaa mshazari. Iwapo cheni imeungwa kwa klipu, ncha iliyozibika ya klipu hiyo itangulie mwelekeo cheni inakokwenda; ikiwekwa kinyume, huweza kuchomoka safarini. Unapofungua breki za ndani ya gurudumu, usilipulize vumbi lake kwa kinywa. Viatu vya breki vya zamani huweza kuwa na asbesto, na vumbi hilo ni sumu ya mapafu. Lifute kwa kitambaa kibichi. Oili nzee nayo isimwagwe mtaroni. (Najua kwamba huko kwetu hupakwa nguzo za ua ili kufukuza mchwa, bado huteremka udongoni mvua ikinyesha.) Kisha uwepo mpaka. Injini ikianza kutoa mlio mzito kutoka chini, kwenye bearingi za mhimili mkuu, au silinda ikihitaji kutobolewa upya, hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine na uzoefu, na anayejitia ujuzi hapo atalipa mara mbili.

Nimesikia hoja kwamba kujitengenezea ni kumnyang'anya fundi unga wake. Siikubali. Fundi hodari hafurahii kuitwa kukaza cheni. Hufurahia mteja anayeweza kumweleza kwamba injini hukosa nguvu ikishapata joto lakini haikosi ikiwa baridi. Hapo nusu ya uchunguzi imekwisha. Anayenufaika na ujinga wa mteja ni fundi mbovu.

Nimeandika aya nne za ufundi kwa Kiswahili, na sidhani kwamba msomaji amekwama. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Huambiwa mara kwa mara kwamba lugha hii haiwezi kubeba sayansi ya mashine kwa kukosa istilahi. Anayesema hivyo hajawahi kukaa gereji. Istilahi zipo, zimetiwa jasho na mafuta, na zimefuata kanuni za sarufi kwa uaminifu ambao mwalimu wa lugha angepaswa kuufurahia.

Chukua neno madigadi, lile bati la kuzuia matope. Neno hili lilitoholewa kutoka Kiingereza, ambako silabi yake ya kwanza ni sehemu ya mzizi na maana yake ni matope. Masikio ya Mswahili yalisikia ma- ya wingi, yakaamua kwamba palipo na madigadi mawili hapana budi kuwepo digadi moja. Neno likatua katika ngeli ya LI-YA kana kwamba lilizaliwa humo. Au vitazame vitenzi: kuseti tapeti, kutyuni kabureta, injini kumisi, injini kunoki. Vyote vinaishia kwa irabu i na haviibadilishi katika kukanusha: hazijaseti, hainoki. Hivyo ndivyo vitenzi vya asili ya Kiarabu kama vile kujibu, kufikiri na kusamehe vilivyofanya karne nyingi zilizopita, navyo hakuna anayevibagua leo. Na hunyambuliwa bila shida: nisetie, zimesetiwa, hazisetiki. Mwanafunzi anayesumbuliwa na kauli ya kutendea na ya kutendeka darasani aende akasikilize gereji kwa saa moja.

Kinachonivutia zaidi ni maneno ambayo hayakukopwa. Fundi anapotaja vyuma hutumia majina ya kigeni, lakini anapotaja ugonjwa wa vyuma hivyo hurudi kwenye mwili. Injini inakohoa, inakula oili, imechoka. Klachi inateleza. Breki hazishiki. Gurudumu linacheza. Nomino zimekuja kwa meli pamoja na vipuri. Vitenzi vya uchunguzi ni vyetu. Hili si pambo. Anayesema kwamba gurudumu linacheza tayari ana dhana ya nafasi isiyotakiwa baina ya vyuma viwili vilivyopaswa kushikana, na mhandisi hana dhana bora zaidi. Ana kipimo tu. Mwalimu anayeanzia hapo anamwongezea mwanafunzi kipimo. Mwalimu anayelifuta neno hilo na kuanza upya kwa Kiingereza anamnyang'anya dhana aliyokuja nayo, kisha anashangaa kuwa somo ni gumu.

Hapa sina budi kuwalaumu pia wenzangu wa taaluma ya lugha. Tumetumia nguvu nyingi kubuni maneno tukiwa mezani, na kuwacheka wanaosema plagi. Sidharau kazi ya istilahi. TUKI ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mnamo 1990 ilitufanyia hisani ambayo bado hatujaitumia ipasavyo. Lakini neno la ufundi lina mahakama yake. Likiweza kupazwa katikati ya kelele za injini, likaeleweka, na spana iliyotakiwa ikaletwa, limepita. Tangu 2022 tumekuwa tukiadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kila tarehe 7 Julai kwa ngoma, mashairi na hotuba. Sijaona katika sherehe nilizohudhuria mtu akizindua mwongozo wa kuseti tapeti.

Turudi shuleni. Kuanzia Gredi ya 4 mtoto wa Kenya hufundishwa masomo yote kwa Kiingereza, isipokuwa Kiswahili chenyewe na lugha nyinginezo zinazofundishwa kama masomo. Kwa hiyo somo la maandalizi ya ufundi nalo limeandikwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Chukua mtoto wa kiume au wa kike aliyelelewa kando ya banda la fundi, anayeweza kuitambua plagi mbovu kwa macho, umpe karatasi inayomtaka aeleze kazi ya kifaa hicho katika lugha asiyoitumia kukieleza. Atapata sifuri, na ripoti itasema hana umilisi. Mtahini atakuwa amepima nini?

Wenye umri wangu tunakumbuka kwamba tumepita njia hii. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 ulikuja na masomo ya mikono hata katika shule za msingi, na wazazi walichanga fedha kujenga vyumba vya ufundi. Baadhi ya vyumba hivyo havikupata zana kamwe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yaliondolewa katika mtihani, na kisichotahiniwa Kenya hakifundishwi. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, fedha ikiwa ya kwanza, lakini lugha ilichangia: ufundi ulifanywa somo la kukariri majina ya zana kwa Kiingereza na kuzichora. Pikipiki moja kuukuu, hata isiyowaka, ikiwekwa nyuma ya darasa ingefundisha joto, msuguano, mwako na uwiano wa meno ya sproketi kwa gharama ndogo kuliko vitabu vya darasa zima. Nayo ingewafundisha wote wawili, mwanafunzi na mwalimu, kwamba hesabu ya milimita 0.08 ina matokeo.

Nao mafundi wenyewe? Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, huwapa mafundi mitihani ya madaraja, kuanzia la tatu hadi la kwanza, na cheti hicho humfungulia mtu milango. Ni njia njema. Ombi langu ni kwamba yeyote anayetahiniwa katika ufundi wa pikipiki aruhusiwe, kwa haki na wala si kwa hisani ya msimamizi, kueleza anachokifanya kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimeifanya lugha hii kuwa ya taifa na pia rasmi. Urasmi usioingia gerejini ni wa kwenye mihuri tu.

Sasa pikipiki za umeme. Mimi si adui yake. Hazina moshi, hazina tapeti, hazihitaji kubadilishwa oili ya injini, na kwa mwenye kuendesha kutwa nzima hilo ni nafuu kubwa. Lakini tuangalie jinsi zinavyouzwa. Katika mipango mingi ya kubadilishana betri, betri haiwi mali ya mwendeshaji, huikodi. Ubongo wa pikipiki ni programu iliyofungwa. Ikigoma, hakuna plagi ya kusoma. Mtu hupiga simu akangoja. Breki, cheni, bearingi za magurudumu na tairi zingali pale, na kwa hizo ujuzi wa CG utahitajika kama zamani. Ila kwa kiini cha mashine, mwenye nayo amekuwa mgeni.

Huko kwingine jambo hili limekwishapewa jina, haki ya kutengeneza, na limeingia katika sheria. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilipitisha mwaka wa 2012 sheria iliyowalazimu watengenezaji wa magari kuwauzia wenye magari na gereji huru maarifa yale yale na zana zile zile za uchunguzi wanazopewa mawakala wao. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwezi Juni 2024 agizo kuhusu utengenezaji wa bidhaa, na kuyapa mataifa wanachama hadi tarehe 31 Julai 2026 kuanza kulitekeleza. Bidhaa zenye betri za vyombo vyepesi vya usafiri zimo katika orodha yake. Sisi hatuhitaji kungojea Ulaya. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa aliyoinunua. Kisome pamoja na kile cha 7, na swali la kuwapelekea waagizaji wa pikipiki, ziwe za petroli au za umeme, litakuwa jepesi: mwongozo wa matengenezo wa Kiswahili uko wapi? Sizungumzii kile kijikaratasi cha kuonyesha kitufe cha honi. Nazungumzia kitabu chenye vipimo, michoro ya nyaya, na maelezo ya taa za onyo na maana zake.

Wabunge waweza kulifanya hilo kuwa sharti la kuingiza chombo nchini. Wakati tunawangoja, kuna kazi isiyohitaji sheria yoyote. Katika mji wowote wenye chuo cha ufundi, mwalimu wa Kiswahili, mwalimu wa ufundi na fundi wa kando ya barabara waweza kukaa Jumamosi moja mbele ya injini iliyofunguliwa na kuandika kila jina na kila hatua kama zinavyosemwa, pamoja na vipimo. Wanafunzi wa kuchora wapo, na kalamu hazijaadimika. Ningependekeza waanze na sura ya tapeti, kwa kuwa ndiyo inayowatia watu hasara kubwa pasipo wao kujua, na kwa kuwa kitenzi chake tayari kipo.